Kengele ya Asal

Harnley, Uingereza
9 Novemba 1964

Kwako Abti Noordin,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenikunja mgongo utadhani nina umri wako. Natumaini hooyo, mama yangu, hajambo, na hoteli yako bado inapika ile chai ya kumfufua mtu. Nisalimie Abdow, mwambie mdogo wake sasa analala na soksi. Barua hii msomee hooyo kwa Kisomali polepole, usirukeruke kama ulivyokuwa ukiendesha lori la jeshi.

Chuo chenyewe ni jengo la matofali mekundu karibu na kituo cha garimoshi. Nilidhani nitakuta maprofesa, nimekuta watu wa mikono. Chini wako waashi, ambao asubuhi wanajenga ukuta, jioni wanaubomoa, na kesho yake wanaujenga tena kwa matofali yale yale. Juu yetu wasichana wanajifunza kukata nywele. Upande wa pili ni wapishi, na Abti, wana mtihani wa kuchemsha yai. Mwambie hooyo nimeona kwa macho yangu mtu akifeli yai.

Mimi niko useremala, kama walivyoahidi walionichagua pale Garissa. Mwalimu wetu, Bwana Tranter, ni mzee mfupi mwenye penseli sikioni. Hajaniuliza hata siku moja nimetoka wapi. Anauliza tu kama nimenoa patasi. Nampenda kwa hilo.

Kinachonisumbua ni saa zile za jioni, saa za ngamia kurudi zizini. Hapa jua linazama mapema, watu wanafunga milango, na hakuna kitu kinachorudi. Bado nasimama nje kusikiliza, kwa mazoea tu. Ngamia wangu Asal vipi? Nilimwacha na mimba kubwa. Juzi nilimweleza mwenzangu darasani kwamba siku niliyozaliwa ulinifunga kitovuni unywele wa mkia wa mama yake Asal, na kwa hiyo nilikuwa na mali kabla sijawa na jina. Akaniuliza kama ngamia mwenyewe alikubali.

Ile koor, kengele ya mti uliyomchongea, nakumbuka ina ufa. Nitamtengenezea kengele mpya kwa vyombo vya huku. Akifika kisimani, watu wajue mwenyewe amesoma.

Mpwa wako,
Mahat Korane


Garissa
20 Februari 1965

Kwako abti wangu Mahat,

Waeleze Wazungu wako kwamba kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno moja, wasije wakadhani nimesahau mimi ni nani. Wa alaykum salaam. Hooyo wako Ardo ni mzima. Habari ya yai imemfanya acheke mpaka akakaa chini, halafu akauliza kama huyo aliyefeli ana mama.

Barua yako ilinifikia imefunguliwa na kufungwa tena, kazi safi, kwa gundi. Basi nawasalimu wote walioisoma kabla yangu, na watakaoisoma hii kabla yako. Wakipita Garissa, chai iko. Mambo ya bendera na mipaka nawaachia wenye midomo mikubwa. Mimi nina masufuria. Ila ujue tu kwamba malori sasa yanatembea kwa msafara na askari mbele, na jua likishuka kila mtu awe ndani. Hoteli isiyouza chai ya jioni ni duka la viti.

Sasa sikiliza. Asal amezaa, jike. Abdow yuko nao upande wa Hulugho, malisho ni mazuri, na anasema mtoto ana miguu mirefu na kiburi, kama wewe. Hooyo wako aliposikia jike alisema nyumba ya Mahat imeanza kusimama. Nadhani baba yake Fatumo, yule binti unayetaka kumwoa, naye amezisikia habari hizo, maana siku hizi ananisalimia kwanza.

Chonga hiyo kengele. Lakini ujue ile ya zamani niliichonga mimi, na ufa wake haujawahi kumzuia Asal kusikika.

Abti wako,
Noordin


Harnley
30 Mei 1965

Abti Noordin,

Salamu nyingi kwako, kwa hooyo na kwa Abdow aliyeko na mifugo. Jike! Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikaketi pale pale, wasichana wa nywele wakawa wananiruka.

Nimetuma kengele kwa posta. Ni mti wa huku, mweupe na mgumu. Nimeichonga nusu mbili nikaziunga kwa gundi, na ukitafuta ule mstari hutauona hata kwa miwani. Ulimi wake ni wa shaba. Bwana Tranter aliigeuzageuza, akaigonga na penseli yake, akasema maungio ni mazuri. Kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Mfunge Asal shingoni, halafu niandikie inavyolia akiwa anatembea. Nataka hilo tu. Nikijua inavyolia, nitaweza kuisikia nikiwa huku.

Mahat


Garissa
14 Novemba 1965

Kwako abti,

Nisamehe kwa kuchelewa. Posta imekuwa kama punda aliyekataa mto. Sote tu wazima, alhamdulillahi. Hooyo wako amekuja kukaa nami hapa mjini. Anasema amechoka kuhamahama. Abdow naye yuko hapa, ananisaidia hotelini. Kuosha vikombe hajui, lakini atajifunza.

Kengele imefika. Abti, nani alikuambia koor inaungwa? Hiyo si kabati. Koor inatoka kwenye kipande kimoja cha mti, unakifukua tumboni mpaka kibaki ganda. Gundi inaziba sauti. Na ulimi wa shaba ni wa kengele ya mlangoni kwa mwalimu. Ngamia anataka ndimi mbili za mti, zigongane. Bwana Tranter ni fundi, simkatai, lakini hajawahi kupoteza ngamia kichakani. Rudia kazi.

Asal yuko alipo, usiwe na wasiwasi. Soma.

Baba yake Fatumo anakusalimu.

Noordin


Harnley
3 Machi 1966

Abti,

Salamu kwenu nyote. Nimefurahi hooyo yuko karibu nawe, ila nimeshangaa. Hooyo kuchoka kuhama? Hooyo akilala mahali pamoja sana huanza kugombana na vyungu. Na Abdow akiosha vikombe, ngamia wako na nani? Umesahau kuniandikia.

Theluji imeyeyuka. Nimechonga ya pili kama ulivyosema, kipande kimoja. Niliomba gogo kwa mwuza mbao, nikalifunga kwenye jiriwa, nikafukua kwa patasi iliyopinda wakati wenzangu wanakunywa chai. Waashi walikuja kuangalia, na msichana mmoja wa mapishi akauliza kama ni bakuli. Nikawaeleza kwamba kila nyumba kwetu inaijua koor yake, kwamba mama anaweza kuwa anapika na akaisikia ya kwao kati ya nyingi, mbali, kabla hata ya vumbi kuonekana. Kisha nikawapa mgongo, Abti, nikarudi kufukua. Sikujua hamu inaweza kumshika mtu mbele ya watu.

Mfunge Asal. Niambie inavyolia.

Mahat


Garissa
25 Septemba 1966

Kwako Mahat,

Salamu. Hooyo wako ni mzima lakini simwoni kila siku. Wamewahamisha watu kwenye vijiji vipya, na yeye na Abdow wako katika kimoja nje ya mji, chenye ua na lango. Kutoka kuna ruhusa, kuingia kuna ruhusa. Mimi nimeachwa mjini kwa sababu ya hoteli, na kwa sababu maofisa wa bara wanapenda chai yangu. Karani mmoja, Kinoti, ananiandikia kibali cha kwenda kuwaona, na haniulizi maswali. Namwekea sukari ya ziada.

Siku hizi chai tunapika na maziwa ya kopo. Yanatoka nchi yako hiyo, nadhani. Yana ng'ombe kwenye karatasi.

Kengele ya pili imefika. Hii ni koor, sasa nakubali. Lakini mdomo umeupanua mno, na ni nzito. Tengeneza nyingine, nyembamba zaidi. Usiwe na haraka, ngamia hatafuti kengele.

Soma, abti. Soma.

Noordin


Harnley
22 Januari 1967

Abti Noordin,

Assalamu alaykum. Natumaini kibali cha kumwona hooyo bado unakipata, na kwamba sukari ya Bwana Kinoti haijaisha.

Leo nakuandikia jambo lenyewe. Mwezi wa saba namaliza chuo. Kuna karakana hapa mjini, wanatengeneza madirisha, na mwenyewe alikuja darasani akatazama mikono yetu akanichagua mimi. Kazi ya kudumu. Anataka jibu kabla ya masika yao kwisha. Bwana Tranter anasema nafasi kama hiyo haiji mara mbili, na yeye si mtu wa kusema ovyo.

Abti, jibu langu liko kwa Asal. Nikiwa na Asal na bintiye, najua narudi kwa nini: nina nyumba ya kuanza, na nina cha kumwambia baba yake Fatumo. Nikiwa sina, sijui seremala wa madirisha atafanya nini Garissa, mahali ambapo watu wamefungiwa kwenye ua.

Nimekutumia kengele ya tatu, nyembamba, ndimi mbili, mdomo mdogo. Sasa huna kasoro ya kuitia. Umeniandikia habari za gundi, za shaba, za uzito, za mdomo. Barua zote hizo, na hata mara moja hujaniambia inavyolia.

Yuko wapi Asal?

Mahat


Garissa
17 Aprili 1967

Kwako abti wangu,

Wa alaykum salaam. Hooyo wako ni mzima. Abdow ni mzima. Nimeanza na hayo kwa sababu ni kweli.

Asal hayuko. Wala mtoto wake, wala wengine. Ni tangu ule mwaka uliotuma kengele ya kwanza, kabla haijafika. Walikusanywa, mifugo yetu na ya watu wengi, wakatiwa ndani ya ua wa miiba, bila maji wala malisho. Aliyewakusanya sitamtaja kwenye karatasi, na wewe usiniulize. Uwanjani walikuwepo wa kila upande, na wote walikuwa na bunduki. Abdow aliamriwa kukaa mbali. Alikaa pale alipoambiwa. Jua liliposhuka aliisikia ile koor yangu yenye ufa, akajua Asal bado amesimama. Kesho yake akaisikia, na kesho yake. Halafu ikafika jioni moja hakuisikia. Alingoja mpaka asubuhi, kisha akaja kwa miguu mpaka mlangoni kwangu. Alichukua kikombe kichafu akaanza kukiosha.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa natafuta kasoro. Kengele yako ya kwanza ilipofika nilikaa nayo mapajani, sina shingo ya kuifunga. Kama ningekuandikia ni nzuri, ungeniuliza inavyolia. Nikaona nikikupa kazi ya kuchonga, walau huko uliko utakuwa na ngamia. Katika barua zako, kila ulipomtaja Asal niliparuka, sikumsomea hooyo wako. Yeye alikuwa akinisikiliza tu, kisha ananiuliza, mbona mwanangu hamwulizii mnyama wake, ameshageuka Mzungu? Nikamwambia ndiyo, kidogo. Hilo nalo unisamehe, kwa sababu lilimwumiza.

Kazi ya madirisha uichukue kama ni njema. Sitakuita nyumbani kwa ngamia asiyekuwepo. Nakutamani, abti. Kila msafara wa malori ukiingia mjini natoka nje ya hoteli na kitambaa begani, kana kwamba kuna mteja, na mteja ninayemtafuta ni wewe. Lakini kutamani kwangu si sababu ya wewe kuacha mkate.

Ile ya tatu imefika, na kweli haina kasoro. Nilichoka kuificha. Niliipeleka kijijini nikampa hooyo wako, nikamweleza yote, hata kwamba ulikuwa unauliza katika kila barua. Hakulia. Kwanza aliifunga kwenye shingo ya mbuzi wake mmoja aliyebaki, na mbuzi akashindwa kuinua kichwa, tukacheka kidogo. Basi akaivua. Jua lilipoanza kushuka akasimama mlangoni pa kibanda chake, akaishika mkononi, akaitikisa polepole, kwa mwendo wa ngamia.

Umetaka kujua inavyolia. Inalia chini, nzito, na ule ulimi wa pili unachelewa kidogo kuliko wa kwanza. Ni sauti yetu, Mahat. Sijui umeipataje kwenye mti wa huko.

Watu walitoka vibandani. Mmoja mmoja, wanawake na unga mikononi, wazee wakishikilia kuta, wakasimama wakitazama upande wa ua. Kila mtu pale anajua hana ngamia. Walitoka tu. Kesho yake aliitikisa tena, wakatoka tena, na mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Walinzi wa langoni walidhani ni ishara ya kitu, wakamwita hooyo wako wamhoji. Alimjibu mkubwa wao kwa Kiswahili chake kile, "Bwana, mimi nafunga zizi. Jioni ni lazima mtu afunge zizi." Wakamwachia.

Abti wako,
Noordin


Harnley
11 Juni 1967

Abti Noordin,

Assalamu alaykum wewe, na hooyo, na Abdow. Mwambie Abdow simdai neno lolote, na vikombe avioshe vizuri.

Nililia, nakuambia wazi, na nililia darasani. Bwana Tranter aliwatoa wenzangu nje wakapange mbao ambazo zilikuwa zimepangwa. Alibaki karibu yangu akinoa patasi ambayo ilikuwa kali tayari.

Lakini nilijua, Abti. Nilijua tangu uliponiambia kengele ya pili ni nzito. Mtu mwenye ngamia hapimi kengele kwa mkono wake. Nilijua, na bado nikatafuta gogo la tatu, kwa sababu nikiwa nachonga Asal alikuwa anatembea, nikiacha anasimama. Nilikuuliza yuko wapi nikitumaini utanidanganya tena.

Nilikuandikia kwamba jibu langu liko kwa Asal. Nimeusoma ule ukurasa wako wa watu wanaotoka vibandani mpaka karatasi imelainika, na nimeona kwamba nilikuwa nakosea. Nilidhani mtu anarudi kwenye mali yake. Hooyo hana ngamia hata mmoja na kila jioni bado anafunga zizi, na mimi niko huku nimesimama nje kwa saa ile ile nikisikiliza. Sote wawili tunasikilizana, na katikati kuna bahari.

Kwa hiyo nimemwambia mwenye karakana asante. Alishangaa, akanipa mkono. Nikimaliza mtihani naondoka, na sina cha kuja nacho ila sanduku la vyombo. Mwambie Fatumo mwenyewe, si baba yake, kwamba nakuja bila ngamia, na kwamba akisema hapana sitamlaumu. Akisema ndiyo, asiseme kwa huruma.

Usinipikie chai ya kopo. Nitakunywa ya rangi.

Siku nitakapofika watanisimamisha langoni, wanikague, wasome vyeti vyangu wanavyotaka. Nitapanga nifike jua likishuka. Mwambie hooyo aitikise ile koor kama kawaida yake, asiongeze wala asipunguze, na watu watoke wasimame na unga wao mikononi watazame upande wa ua. Siku hiyo kutakuwa na mtu anayekuja.

Mahat